Mashimo Yasiyo na Uzi

Machi 2

Dada amenipa daftari hili leo asubuhi. Lina mistari mipana na nembo ya shule alikokuwa mkutubi miaka thelathini. "Kila unachosoma kiandike humu," amesema, "uniache na mimi nisome changu kwa amani." Kweli mimi nikisoma riwaya mdomo haufungi. Nitasoma ukurasa, nitasimamisha cherehani, nitamsimulia, nitamuuliza yeye angefanya nini. Yeye akisoma, hata nyumba ikiungua ataomba kwanza amalize sura.

Alipostaafu walimpa katoni mbili za vitabu vilivyofutwa kwenye rejista, vingine havina jalada, vingine vimetafunwa pembe na panya. Katoni ya riwaya za upelelezi ni yake. Katoni ya riwaya za vijana ni yangu. Mimi nina miaka hamsini na minne, fundi wa sare za shule, sina mume wala mtoto, na wiki hii nasoma habari za msichana wa miaka kumi na sita anayekimbia mbio ndefu na kugombana na mama yake kuhusu viatu. Ukurasa wa 112 nimelia.

"Mama Machozi," Dada amesema kutoka kitandani, "mtoto wa watu kakosa nafasi kwenye timu, ndiyo unalowesha sketi za wateja?"

Maoni yangu: kizuri. Ila mama yake alipaswa kusema mapema kwamba vile viatu vilikuwa vya marehemu kaka yake. Watu wazima wa kwenye riwaya za vijana wote ni wazito wa kusema.

Machi 3

Sketi tisa. Joto. Mawingu yanakusanyika, kisha yanaghairi.

Machi 7

Dada amechagua kitabu kipya. Fundi saa amekutwa amekufa dukani mwake, mlango umefungwa kwa ndani, na saa zote ukutani zimesimama, kila moja kwa wakati wake. Nimekishona.

Habari ya kushona niieleze, maana atakayeokota daftari hili atadhani nyumba yetu ina wazimu. Baba yetu alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Dada alipokuwa msichana alikuwa na maradhi ya kufungua mwisho kwanza, halafu anakaa mezani anatuambia muuaji ni nani kabla hatujafika hata kwenye maiti. Siku moja Baba akachoka. Akachukua sindano yake nene na uzi uliopakwa nta, akaishona sura ya mwisho ukingoni, matundu saba, fundo moja. Toka siku hiyo ikawa sheria. Riwaya ya upelelezi ikiingia, inashonwa. Uzi haukatwi mpaka kila mtu wa nyumba awe amefika kwenye uzi. Kila mmoja anaandika muuaji wake kwenye karatasi, anaikunja, anaitia kwenye kopo la vifungo. Ndipo unakatwa. Aliyekosea anaosha vyombo wiki nzima. Aliyefungua kabla ya wakati anaosha mwezi, hata kama amepatia.

Baba hayupo siku nyingi, lakini sheria ipo. Kwa miaka arobaini na zaidi nimeosha vyombo mimi. Dada hakosei. Nasubiri siku moja tu akosee, nimcheke mpaka majirani waje kuuliza kuna nini.

Nimetumia uzi wa damu ya mzee, ndio uliokuwa kwenye mashine. Oda ni sketi mia na ishirini za rangi hiyo, shule inafungua mwisho wa Aprili. Nikifumba macho naona damu ya mzee.

Machi 11

Nimempeleka Dada hospitali. Miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa, na zile ngazi tatu za mlangoni kwetu anazipanda kwa kupumzika mara mbili. Wamempima asubuhi nzima. Alipokuwa bado anavaa, daktari akaniita korido. Ni kijana mpole, anaongea akiangalia kalamu yake. Akasema moyo umetanuka na umechoka, dawa zitapunguza maji mwilini lakini hazitaurudisha ulivyokuwa. Nikamuuliza maana yake nini.

"Mama, miezi miwili. Ikizidi, tushukuru." Halafu akaniangalia. "Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Dada akatoka anafunga kifungo cha juu. "Kasemaje?"

"Kasema uchovu. Upunguze chumvi, umeze dawa, upumzike."

"Uchovu? Mtu mstaafu anachoka na nini?"

Tukacheka wote wawili pale korido. Mungu anisamehe, nilicheka.

Jioni binti yake amepiga simu. Ni mtoto wake wa pekee, mpima ardhi, yuko mbali huko anakopimia mashamba na mtandao wa simu ni wa kupanda kilimani. "Mama mdogo, hospitali wamesema nini? Nije?" Nikamwambia asije, barabara mbovu, mvua ndizo hizo zinaingia, asubiri ziishe aje akae kwa raha. Ulimi hauna mfupa. Yalitoka yote bila hata kukwama.

Machi 12

Mvua imeanza.

Machi 13

Sketi kumi na moja. Sikusoma.

Machi 17

Kitabu kipya cha katoni yangu. Mvulana wa miaka kumi na tano anapelekwa kwa bibi yake likizo nzima, anaambiwa baba amesafiri kikazi. Kufikia ukurasa wa thelathini msomaji ameshajua baba amelazwa na hali yake si nzuri. Shangazi anajua, bibi anajua, hata mwenye duka anajua. Mtoto peke yake ndiye anahesabu siku za baba kurudi, anachora mistari ukutani kwa mkaa. Nimemchukia yule shangazi. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Mwambie, mwanamke wewe!"

"Unamgombeza nani?" Dada akauliza.

"Shangazi mmoja humu. Hamwambii mtoto ukweli."

Dada akalowesha kidole, akafungua ukurasa wa kitabu chake. "Watu wa namna hiyo, kwenye vitabu vyangu mimi nawaweka juu kabisa ya orodha ya washukiwa."

Nikarudi kwenye mashine. Sketi moja nimeikunja pindo mara mbili bila kujua, ikabidi nifumue.

Machi 18

Kile kitabu cha mvulana nimekitia chini kabisa ya katoni. Sitakimaliza. Waandishi wengine hawana huruma.

Machi 22

Dada hawezi tena kushika kitabu kwa muda mrefu, mikono inamchoka. Tumekubaliana nimsomee cha fundi saa kila siku nikifunga kazi, saa kumi na moja, kabla giza halijaingia chumbani. Anakaa ameegemea mito minne, maana akilala chali anakosa pumzi. Mvua ikiwa kubwa juu ya bati inabidi nipige kelele. Leo nimesoma kifo cha mtu kwa sauti ya mnadani.

Nampa sifa zake: anasikiliza kama anayepima kitambaa. Mimi nasikiliza mtu analia, yeye anauliza ufunguo wa pili uko kwa nani. Orodha yake ina watu watatu. Mpangaji wa chumba cha juu, mkali, alishagombana na marehemu. Muuza miwani wa duka la pili, aliyetaka lile jengo. Na mdogo wake marehemu, mwanamke mkimya, ndiye alikuwa anamletea chai kila siku saa nne.

"Nani anampenda zaidi marehemu?" nikauliza.

"Mdogo wake."

"Basi mtoe."

"Unamtoaje mtu wakati ana ufunguo?" akasema. "Mama Machozi, hii siyo katoni yako."

Machi 25

Amekuja jirani yetu tunayemwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Ametuletea habari za mtaa mzima, nani kahama, nani kauza kitanda. Halafu akamtazama Dada akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona. "Mbona umepungua hivi? Daktari hajasema kitu?"

"Kasema uchovu," Dada akajibu.

Redio akanigeukia. Nikaenda kukoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Machi 29

Sketi kumi. Maji yameingia stoo, nimepandisha katoni juu ya meza.

Aprili 3

Leo nilikusudia kumwambia. Nilijipanga tangu asubuhi, nikajisemea nitaanza na kumkata kucha za miguu, mtu akikatwa kucha hawezi kukuangalia usoni. Nilipofika kidole cha tatu akaanza yeye. Mvua zikiisha atapaka rangi rafu za vitabu. Mvua zikiisha atavipanga upya, upelelezi na vijana pamoja, maana ameona kwenye vyangu pia kuna siri nyingi. Mvua zikiisha ataenda na binti yake aone huko anakopimia ardhi, amshikie hata kamba.

Nimemaliza kucha zote kumi. Sikusema.

Najiuliza namficha kwa faida ya nani. Nikisema ni yeye, naona najidanganya. Ninachoogopa ni uso wake akishasikia, na kwamba nitakuwa mimi niliyeubadilisha.

Aprili 8

Binti amepiga simu, Dada akaiweka sauti ya juu. Amepata nafasi ya ruhusa, wiki nzima, aje?

"Usipoteze ruhusa yako kwa uchovu wangu," Dada akamwambia. "Subiri mvua ziishe, tutatoka wote."

"Una uhakika, Mama? Mama mdogo yupo hapo?"

"Yupo."

Nilikuwa nimekaa futi mbili kutoka kitandani nabana pindo, na pini mdomoni. Pini nne. Nikaitikia kwa kichwa kama vile simu ina macho.

Aprili 9

Mvua.

Aprili 10

Mvua. Sketi sita, uzi umekatika mara kumi, kosa si la uzi.

Aprili 14

Asubuhi Dada amezidiwa. Alikuwa anapumua kama mtu aliyetoka kukimbia zile mbio za kitabu changu, midomo imebadilika rangi. Redio ndiye aliyetafuta gari, na ndani ya gari hakusema neno, alimshika tu mkono. Wamemwekea hewa. Daktari yuleyule akanitazama, akauliza, "Anajua?" Nikasema bado. Hakunigombeza. Afadhali angenigomba.

Wakanirudisha nyumbani nichukue shuka na nguo. Saa saba mchana, nyumba tupu, sijawahi kuiona tupu. Kitabu cha fundi saa kilikuwa juu ya mito yake. Zilikuwa zimebaki kurasa kama arobaini kufika kwenye uzi. Nikafikiri: akirudi, au asiporudi, au wakiniita sasa hivi, ataniuliza. Namjua. Atavuta pumzi ya mwisho aniulize ni nani. Na mimi sitakuwa na jibu.

Nikachukua mkasi.

Nimesoma nimesimama, kurasa kumi na nne, shuka likiwa begani. Muuaji ni mdogo wake. Yule mkimya wa chai. Fundi saa alikuwa anapoteza akili polepole, anaona aibu, na mdogo wake akaona anamwondolea mateso, hakumuuliza, hakumwambia mtu. Anasema kwenye ukurasa wa mwisho, "Nilifanya kwa kumpenda." Nilikitupa kile kitabu kitandani. Kisha nikakiokota, nikatafuta uzi uleule, sindano ileile, nikakishona upya, matundu saba, fundo moja. Nilipotazama upande wa mbele wa zile kurasa, kila tundu lilikuwa mahali pake.

Sikuupenda ule mwisho. Sijawahi kuchukia mwisho wa kitabu namna hii.

Aprili 16

Amerudi nyumbani. Ameuliza kwanza kitabu, kisha maji.

Aprili 19

Nitaandika yote, hata kama mkono umechoka.

Saa kumi na moja nilikaa nimsomee. Akasema, "Hebu nipe nikishike, nione zimebaki ngapi." Nikampa. Akazishika zile kurasa zilizoshonwa kati ya kidole gumba na cha shahada, akapima unene wake. Kidole kikateremka upande wa nyuma wa kitabu. Kikasimama. Kikarudi juu, kikateremka tena polepole.

"Hapa kuna mashimo yasiyo na uzi," akasema.

Akayahesabu kwa ukucha.

"Saba yana uzi. Saba hayana."

Mbele nilikuwa nimepatia matundu ya zamani. Nyuma sikugeuza kuangalia. Mimi, ambaye miaka yote nawagombeza wasichana wanaokuja kujifunza kwangu, geuza nguo, tazama kwa ndani, fundi anajulikana kwa ndani.

"Labda panya," nikasema.

"Panya wetu wamejifunza kupima nusu inchi." Hakucheka.

"Basi nimefungua. Nitaosha vyombo mwezi mzima."

"Sijakuuliza habari ya vyombo."

Akafumba macho. Nilidhani amechoka, kumbe alikuwa anapanga. Namjua akipanga, midomo inacheza kidogo. Alipoanza alisema polepole, kila maneno mawili anavuta pumzi.

"Miaka yote hii umekosea, umenuna, umeosha vyombo, hujawahi kufungua. Ulipokuwa na miaka kumi nilikuhonga peremende unifungulie, ukakataa, ukaenda kunishtaki kwa Baba. Kwa hiyo siyo hamu. Kabla sijaenda hospitali nilikishika hiki kitabu, mashimo hayakuwepo. Umekifungua nilipokuwa huko. Ulitaka uwe na mwisho tayari mkononi." Akafumbua macho. "Uliona sitafika kwenye uzi."

Mvua ilikuwa imepungua, ningeweza kusikia cherehani ya mtaa wa pili.

"Alisema mpaka lini?"

"Miezi miwili."

"Alisema siku gani?"

"Siku ile ya kwanza. Machi kumi na moja."

Nikaona anahesabu. Uso wake niliouogopa wiki zote hizi sikuuona, haukubadilika kwa ajili ya kufa. Ulibadilika alipofika mahali pengine kwenye hesabu.

"Nilimwambia mwanangu asije," akasema. "Alitaka kuja, mimi kwa mdomo wangu nikamwambia asubiri. Na wewe ulikuwa umekaa hapo."

"Nilikuwa na pini mdomoni, Dada."

"Pini hutolewa."

Nimelia. Hakunitania, hakuniita Mama Machozi. Nilipiga magoti nikashika miguu yake iliyovimba, nikasema nilikuwa naogopa, nilikuwa natafuta siku nzuri, kila siku niliyoipata aliijaza yeye mipango. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Nipe simu."

Ilichukua mara sita kumpata binti. Dada akamwambia maneno machache tu: "Njoo. Siyo uchovu." Kisha akanirudishia simu, akageukia ukutani. Hakusema nami tena mpaka nilipowasha taa.

Aprili 20

Asubuhi nimempelekea uji. Ameunywa nusu. "Soma," akasema.

"Dada, naweza kukuambia tu ni nani, kama—"

"Usithubutu. Nimebakiwa na vitu vichache nisivyovijua. Niachie hicho."

Nimesoma kurasa kumi na tatu. Kila lilipotokea jina la yule mdogo wa marehemu, sauti ilinipotea. Dada alinitazama kila mara.

Aprili 21

Binti amepiga kutoka njiani. Daraja limekatika, wamezuiwa mtoni, magari yamepanga foleni. Anasema atavuka kwa miguu kwenye daraja la reli atafute gari ng'ambo. Nilimwambia awe mwangalifu. Akakata simu kabla sijamaliza.

Aprili 22

Tumefika kwenye uzi saa kumi na moja na nusu. Dada akaomba karatasi na kalamu. Aliandika muda mrefu kuliko kawaida, yeye ambaye huandika neno moja tu. Akaikunja mara nne, akaitia mwenyewe kwenye kopo la vifungo.

"Nikate?" nikauliza.

"Mpaka kila mtu wa nyumba afike. Mwanangu ni mtu wa nyumba hii." Akapumzika. "Na wewe usitie karatasi. Wewe umeshajiondoa."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu tangu siku ile. Nimelishika lile tabasamu mpaka sasa naandika.

Aprili 23

Binti amefika saa nane mchana, matope mpaka magotini. Amepita mbele yangu bila salamu, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Aprili 24

Binti anamsomea mama yake kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza. Nasikia sauti yake kupitia ukuta nikiwa kwenye mashine. Anasoma vizuri kuliko mimi, anafanya hata sauti ya mpangaji.

Jikoni amenikuta nachemsha maji. Akasema, "Nimehesabu. Machi kumi na moja mpaka Aprili kumi na tisa. Siku thelathini na tisa, mama mdogo. Ulikuwa nazo zote."

Nikasema ndiyo.

"Mimi kazi yangu ni kupima. Mtu akisogeza jiwe la mpaka hatua moja tu, anaiba shamba la mwenzake." Akachukua kikombe cha mama yake akatoka.

Aprili 25

Dada anasinzia zaidi kuliko kusikiliza. Binti anaendelea kusoma hata akisinzia. Wako ukurasa wa tisini.

Aprili 26

Dada amefariki asubuhi, saa mbili na robo. Mvua haikunyesha.

Aprili 28

Tumemzika.

Aprili 30

Nimepeleka sketi mia na ishirini. Mwalimu wa stoo alikuwa anamfahamu Dada. Aligeuza sketi moja akatazama kwa ndani, akasema kazi safi. Nilitoka haraka.

Mei 1

Watu bado wanakuja. Redio anawapokea mlangoni, anawapa viti, anawanyamazisha wanaouliza sana. Nilikuwa nikimcheka mwanamke huyu. Nimeona alivyomshika Dada mkono ndani ya gari, na sitamcheka tena, au nitamcheka mbele yake, kwa heshima.

Binti anasema na mimi yale ya lazima tu. Chumvi iko wapi. Mgeni anataka maji. Ila kila jioni anakaa kwenye kiti changu kando ya kitanda kitupu na kile kitabu, anasoma kimyakimya. Sijamuuliza.

Mei 3

Nimekitoa kile kitabu cha mvulana chini ya katoni, nimekimaliza kwa siku moja. Mtoto anaujua ukweli kwa kumwona shangazi yake akikunja nguo za baba kama watu wanavyokunja nguo za mtu asiyerudi. Hampigi kelele. Anamuuliza tu, "Ulijua tangu lini?" Shangazi anasema, "Tangu ulipofika." Sura inaishia hapo. Mwandishi hakumpa shangazi hata mstari mmoja wa kujitetea. Safari hii sikumlaumu mwandishi, na shangazi sikuweza kumchukia tena, ingawa nilijaribu.

Mei 5

Wageni wa mwisho wameondoka mchana. Wameacha beseni mbili za vyombo, vikombe, sahani, sufuria za majirani ambazo hata sijui za nani. Redio alikuwa ameshakunja mikono ya nguo anataka kuanza. Binti akatoka chumbani na kitabu na kopo la vifungo.

"Nimefika kwenye uzi," akasema.

Tukakaa mezani, Redio naye akakaa bila kuambiwa. Binti akatia karatasi yake kwenye kopo, akanipa mkasi. Nikakata. Akasoma zile kurasa kumi na nne kwa sauti, na alipofika kwa yule mdogo wa marehemu na chai yake hakuinua macho kunitazama, na mimi nikashukuru. "Nilifanya kwa kumpenda." Akafunga kitabu.

Akafungua karatasi yake. Aliandika: *Mdogo wake.* Herufi kubwa, ameikandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka.

"Nimepatia," akasema. Hakuonekana kufurahi.

Kisha akafungua ya mama yake. Akaisoma kimya. Akaisoma tena. Akaisukuma mezani mpaka kwangu. Mwandiko wa Dada, mwembamba, umeyumba kidogo:

*Ni mpangaji wa juu. Najua mdogo wake alificha mambo, na alikuwa na ufunguo. Lakini nimemtoa kwenye orodha. Aliyekuwa akileta chai kila siku siyo muuaji.*

Redio akauliza, "Kwa hiyo marehemu kakosea?"

"Kakosea," binti akasema.

Miaka arobaini na zaidi nimesubiri akosee. Nilikuwa na vicheko nimeviweka akiba, na sina pa kuvipeleka. Na kitabu chenyewe kilikuwa chepesi, ufunguo, chai, saa nne, hata mimi ningeweza. Dada hakosei kitabu chepesi namna ile. Sijui kama alikosea, au alikataa kupatia. Hilo ndilo fumbo aliloniachia, na hakuna uzi wa kukata.

Redio akainuka kwenda kwenye beseni. "Kama marehemu kakosea, hivi vyombo tuvioshe sisi kwa niaba yake."

"Hapana," nikasema. "Aliyefungua kabla ya wakati ndiye anaosha. Mwezi mzima."

Nimeosha vyote. Redio aliaga, akaenda na sufuria zake. Binti alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akachukua kitambaa msumarini, akaanza kukausha vikombe kimoja kimoja, anavipanga kwa ukubwa kama alivyokuwa akivipanga mama yake.

"Sijakusamehe, mama mdogo," akasema.

"Najua."

Akainua kikombe kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kwa ndani. "Na hiki bado kina chai."

Akanirudishia. Nikakiosha tena.